Meza Yenye Tishu

Toa Payoh, Singapoo
3 Machi 2009

Mjukuu wangu Pei Xuan,

Mimi sijambo, magoti ndiyo yenye mambo. Shangazi yako Geok Lan naye hajambo, ila kutwa ananigombeza nivae kile kifaa cha masikio alichoninunulia. Nimekiweka kwenye kopo la biskuti, humo hakitapotea. Mtu aliyeshinda maisha yake yote kwenye mashine ya kupigilia nguzo za maghorofa hawezi kusikia tena kama mtoto, na sioni ninachokikosa. Kwenye simu nasikia pumzi tu. Ndiyo maana tunaandikiana.

Sasa nina jambo, na usimwambie shangazi yako.

Unamkumbuka mkaanga tambi wa pale bwaloni, chini ya jengo letu. Ulikuwa bado wa kubebwa nilipoanza kukupeleka, unanyonya vichwa vya kamba mpaka shingo nzima inanuka. Mwishoni mwa mwaka jana alifunga kibanda. Wakasema amepasuliwa bega. Nikangoja. Katika kungoja nikawa nakula supu ya samaki kwenye kibanda cha mkabala, supu nyepesi kama maji ya kunawia mikono. Mwaka Mpya wetu ulipopita akafungua tena. Nilifurahi, sikufichi. Nilishuka na shati lililopigwa pasi.

Nafika kwenye meza yangu, ile ya kwenye nguzo, chini ya feni, ambayo ukiikalia unaliona karai lote. Nakuta katikati pamewekwa pakiti ya tishu.

Basi, imeshikwa, ina mwenyewe aliyekwenda kupanga foleni. Nikaenda zangu. Kesho yake ipo. Keshokutwa ipo. Kila nikishuka ipo, na huyo mwenyewe simwoni. Siwezi kula tambi zile kwenye meza nyingine nimeligeuzia karai mgongo, na siwezi kuzila huku nikimngoja mgeni aje akalie kiti changu. Kwa hiyo nimerudi kwenye supu ya samaki.

Wewe umesoma. Niambie, huyu mtu ni nani?

Babu yako,
Sim Tiong Lek


Dunedin, Nyuzilandi
14 Machi 2009

Babu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma jikoni hostelini, nimevaa koti, maana huku hata ndani kuna baridi. Nilipofika kwenye karai mate yakanitoka. Chakula changu cha leo ni mkate na jibini, na jana pia, na usiniulize kesho.

Kwanza, shati la pasi kwa ajili ya tambi? Babu, una hakika ni tambi? Yule anti anayebeba sahani na kupokea pesa, si bado yupo? Mimi simo, nauliza tu.

Pili, sielewi shida iko wapi. Huku mtu akisahau tishu mezani, mwingine anaitupa kwenye pipa anakaa. Isogeze pembeni ukae. Mwenyewe akija utamwachia. Na kama hutaki, si umuulize mkaanga tambi mwenyewe? Anakaa hapo kutwa, lazima anamjua. Kwani anaitwa nani yule anko? Nimejaribu kukumbuka nikaona sijawahi kusikia jina lake, hata wewe hujawahi kulitaja.

Usiendelee na hiyo supu ya samaki. Unakonda.

Mjukuu wako,
Pei Xuan


Toa Payoh
25 Machi 2009

Pei Xuan,

Umekwenda ugenini ukaacha adabu uwanja wa ndege. Niisogeze tishu ya mtu? Afadhali nikamtoe mtu kitandani kwake. Mbona mimi naacha tishu yangu naenda kupanga foleni, narudi naikuta? Kwa sababu hakuna aliyelelewa vibaya hapa. Na mambo ya yule anti uyaache hukohuko kwenye baridi.

Jina la mkaanga tambi silijui. Nilijue la nini? Yeye naye langu halijui. Mimi nakaa, nainua kidole kimoja, yeye anainamisha kichwa, sahani inakuja. Vile vipande vikavu vya mafuta ya nguruwe huwa anavizidisha kwenye sahani yangu. Sijawahi kumwomba, wala hajawahi kusema. Hivyo ndivyo tulivyoishi naye miaka yote. Leo nianzie wapi kumuuliza maswali?

Nimekuwa nikichunguza kutoka kwenye supu. Nisikilize. Jumapili bwalo lilijaa, watu wamesimama na sahani za moto mikononi, baba na mama na mtoto analia. Meza ile tupu iko palepale na tishu yake, hakuna aliyeigusa. Niliwaonea fahari watu wetu, na papo hapo nikaumia.

Kisha nikaona jambo ambalo limenivuruga kabisa. Mkaanga tambi mwenyewe alitoka nyuma ya karai, akaja kuipangusa ile meza kwa mkono wa kushoto. Akainua pakiti, akapangusa chini yake, akairudisha katikati, akainyoosha. Anamjua, basi. Meza yangu kampa mtu, tena mtu mkubwa, wa kunyooshewa tishu.

Nimewaza sana ni kosa gani nimefanya. Labda nilikuwa nakaa mno. Sahani inaisha, mimi bado nipo, natazama moto. Au ni supu ya samaki. Siku aliyokuja kusafisha kibanda kabla ya kufungua tena alinikuta nimeweka kijiko cha supu ya jirani mdomoni. Aliniona. Tangu hapo akinitazama mimi nainamia bakuli.

Nina uchungu, mjukuu wangu. Ni ujinga mtu wa umri wangu kuumia kwa ajili ya meza, lakini ndivyo ilivyo. Usimwambie shangazi yako, atanipeleka kwa daktari wa wazee wanaosahau.

Babu yako,
Sim Tiong Lek


Dunedin
5 Aprili 2009

Kwa Anko anayekaanga tambi za Hokkien na Anti anayepokea pesa,
Kibanda cha pili kutoka mlango wa kituo cha basi,
Bwalo la Vyakula, Toa Payoh

Anko na Anti, shikamooni.

Mnisamehe kwa kuwaandikia bila kuwajua majina. Mimi ni mjukuu wa yule mzee mrefu aliyekuwa akikaa kwenye meza ya nguzo, chini ya feni. Huenda mnanikumbuka, nilikuwa nikivunja vijiti vyenu vya kulia na kuvichezea vita.

Sijaandika kulalamika. Bwalo ni la watu wote na meza haina hati. Ila babu yangu anasema tangu mfungue tena meza ile ina mwenyewe, kila siku imewekwa tishu, na ameelewa kwamba hatakiwi pale. Haniambii hivyo waziwazi, lakini barua zake zimekuwa za huzuni. Hajui kwamba nawaandikia, na akijua ataniona sina haya.

Naomba kuuliza tu: alikosa nini? Na huyo aliyepewa meza ni nani? Nikijua nitajua namna ya kumtuliza, maana mimi niko mbali na kila nikijaribu kuielewa hadithi hii inanikataa.

Wenu katika heshima,
Sim Pei Xuan


Toa Payoh
17 Aprili 2009

Binti Sim,

Barua yako niliisoma nikadhani umekosea kibanda. Nikaisoma tena nyuma ya friji, mume wangu asinione. Mimi ni Tan Guat Hiang, huyo anti wa pesa. Mume wangu anaitwa Yeo Boon Kiat. Vijiti vyetu tunavikumbuka.

Babu yako sisi tunamwita Kidole. Wateja wote tunawaita hivyo, kuna Bila Ngisi, kuna Pilipili Mara Mbili. Kidole ni wa tangu tunaanza. Na wewe unaniuliza tumempa nani meza yake? Mwanangu, hata sijui nianze kucheka au nikae chini nilie.

Mume wangu alipotoka hospitali, neno la kwanza kuhusu kazi lilikuwa, "Guat Hiang, Kidole asije akakosa pa kukaa." Siku hizi kuna ofisi mpya nyuma ya kituo cha basi, mchana wanamiminika kama maji. Basi kila asubuhi kabla hajawasha moto anaweka pakiti ya tishu kwenye meza ile. Anazinunua kwa yule mama wa kiti cha magurudumu pale mlangoni, nyumba nzima sasa ni tishu. Meza ile ni ya Kidole. Haina mtu mwingine.

Siku ya kwanza Kidole akaja na shati zuri. Akaitazama tishu. Akatutazama. Akageuka akaenda kula supu ya samaki, mbele ya macho yetu. Nilimwita mwenyewe kwa sauti, "Anko, kaa, meza yako hiyo!" Wala hakugeuza shingo. Kesho yake nikamwita tena, akapita kama hakuna mtu. Nikasema moyoni, kumbe mzee ana maringo hivi.

Lakini mume wangu hakusema maringo. Alisema, "Amenusa. Amepita tu akanusa, akajua mkono umeharibika." Tangu siku hiyo hana raha. Anawauliza wateja, wote wanasema tamu. Anasema hao ni waungwana, wanalionea huruma bega lake. Aliyekuwa akimwamini ni mmoja, na huyo kahamia kwenye samaki. Ananiuliza mimi, na mimi pua yangu ilikufa zamani kwa moshi wa vichwa vya kamba, naonja lakini sijui naonja nini. Ameshawaambia watu wa ofisi ya bwalo kwamba mwezi wa tano ukiisha anarudisha kibanda. Karai lenyewe anataka kuliuza.

Kwa hiyo mimi ndiye sielewi. Kama babu yako anadhani meza si yake, mbona hakuuliza? Mbona nikimwita hajibu? Na kama ni ladha, niambie mimi kwanza, nitatafuta namna ya kumfikishia mume wangu. Hii barua sijamwonyesha. Akijua tunamjadili mimi na mtoto aliyekuwa akivunja vijiti, hatakula siku nzima.

Tafadhali jibu haraka.

Tan Guat Hiang


Dunedin
26 Aprili 2009

Babu,

Vuta kiti ukae kabla hujaendelea.

Tishu ni yako.

Anko mkaanga tambi anaitwa Boon Kiat, na ni yeye anayeiweka kila asubuhi ili watu wa ofisi wasichukue meza yako. Huyo mtu mkubwa unayemchunguza kutoka kwenye supu ni wewe. Umekaa miezi unangoja kumwona mwenye meza, na wenye kibanda wamekaa miezi wanangoja mwenye meza aje.

Najua hivi kwa sababu niliwaandikia. Nikasirikie baadaye. Kuna kubwa zaidi.

Anko anafikiri umezikimbia tambi zake. Anadhani umenusa kutoka mbali ukajua bega limeharibu mkono wake. Mwezi wa tano ukiisha anafunga, Babu, anafunga kabisa, anauza hata karai. Na yule anti alikuita kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, "Anko, kaa, meza yako hiyo." Hukusikia. Hawajui kwamba husikii, kwa sababu miaka yote umeinua kidole tu. Wamekuona una maringo. Nimeshamwandikia anti kumweleza, lakini barua yangu haiwezi kula tambi kwa niaba yako.

Ningempigia simu shangazi, ila uliniapisha. Kwa hiyo nakuomba mambo matatu. Toa kifaa kwenye kopo la biskuti. Nenda ukakae. Na ukila, Babu, hata kama ni mbaya, sema tamu. Ni uongo mmoja mdogo. Mzee wa watu amepasuliwa bega, anangoja neno lako wewe tu, na ukimwambia vinginevyo ndiyo atafunga kweli.

Nakupenda, mzee mkaidi.

Pei Xuan


Toa Payoh
20 Mei 2009

Mjukuu wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, sikufuata ushauri wa kiti, na ilibidi nikae palepale ngazini. Jirani akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo.

Kukukasirikia nilijaribu, nikashindwa.

Nikatoa kifaa, nikafuta unga wa biskuti, nikakivaa. Sikujua bwalo lina kelele kiasi hicho. Viti vinalia, watoto wanalia, mwuza kahawa anatukana kwa furaha kabisa. Na karai, Pei Xuan. Nilikuwa nimesahau kwamba tambi hupiga kelele zinapomwagiwa ile supu ya vichwa vya kamba, halafu kifuniko kinashuka, kelele inazama. Nilisimama pale nikisikiliza mpaka mtu akaniomba njia.

Tishu ilikuwa mezani. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ni yangu, na bado niligeuka nyuma kutazama kama mwenyewe anakuja. Nikakaa ukingoni mwa kiti. Nikainua kidole.

Alinitazama. Hakuinamisha kichwa, aligeukia karai. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida, na sahani akaileta mwenyewe, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Amezeeka. Nadhani naye aliona hivyohivyo kwangu. Akaweka sahani, akabaki amesimama.

Nikakamua ndimu, nikachukua pilipili pembeni, nikala. Kamba wa kuvuliwa leo, ngisi laini, supu imeingia ndani ya tambi nene na zile nyembamba nyeupe kama inavyotakiwa. Vipande vya mafuta ya nguruwe vimejaa mpaka aibu. Lakini moto haukuwapo. Ile harufu ya kuungua kidogo, ile ya chini ya karai, sikuipata. Zilikuwa tambi nzuri za mtu mwingine.

"Vipi?" akaniuliza. Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kulisikia kutoka kwake, na sauti yake ni nyembamba, sikuitarajia.

Barua yako ilikuwa mfukoni. Sema tamu, umeandika. Nilikuwa nimejiandaa kulisema. Nikamtazama usoni nikaona amesimama kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe, nikashindwa kumfungia.

"Moto haujafika," nikamwambia.

Mkewe aliyekuwa anahesabu chenji aliacha. Nadhani angeweza kunirushia kisahani cha ndimu.

"Wapi?" akauliza mkaanga tambi.

"Mwishoni. Unaziondoa mapema."

Akavuta kiti akakaa mbele yangu. Watu kwenye foleni wakaanza kunyoosha shingo. "Nimewauliza hawa wote," akasema. "Wote wananiambia tamu."

"Mtu ana bega la kushonwa, ulitaka wakwambie nini?"

"Mbona wewe hukuja kuniambia?"

"Meza ilikuwa na tishu."

"Tishu ni yako!"

"Nimejua jana."

Alicheka, mjukuu wangu, akacheka mpaka akalishika bega kwa maumivu. Mkewe akaja akatutazama wote wawili. "Ndiyo maana mimi naongea na friji," akasema, akaenda zake kupokea pesa.

Boon Kiat alipotulia akasema, "Sifungi. Nitakukaangia kila siku, na kila siku nitakuuliza. Siku utakayoniambia moto umefika, siku hiyohiyo narudisha kibanda, nikalale. Lakini sitaondoka na karai lililonishinda." Akaenda mwenyewe ofisini kuwaambia. Walimkubalia, ingawa karani alimuuliza ni nini kimebadilika, naye akamjibu kwamba amepata mtu wa kumsema vibaya.

Kwa hiyo sasa nashuka kila siku. Nimemtajia jina langu, ameshalisahau, ananiita Kidole. Supu ya samaki nimeiaga kwa heshima. Mkewe ameniomba radhi kwa kuniona nina maringo, nami nimemwambia ninayo kidogo.

Sasa nikwambie la jana, na hili hata usimwandikie anti.

Jana moto ulifika. Aliziacha chini ya karai mpaka nikaogopa, akazigeuza kwa mikono yote miwili, na sahani ilipotua harufu ilinipiga kabla sijashika vijiti. Zilikuwa zenyewe. Nilikula mpaka nikakwangua sahani kwa kijiko, na tishu moja nilifutia macho, nikasingizia pilipili. Boon Kiat akaja na mwiko mkononi.

"Vipi?"

Uliniomba uongo mmoja mdogo, mjukuu wangu, na mimi si mtu wa kukunyima kitu.

"Bado," nikamwambia. "Jaribu kesho."

Alitikisa kichwa akarudi kwenye moto, anapiga mluzi. Wewe ukija likizo nitakushusha pale, utakaa mezani kwetu, utaonja, na utajua palepale. Nyamaza.

Babu yako,
Kidole